Shangazi, Nisaini au Ninyamaze?

Mwanangu, umejiita "Mkaguzi Mwoga wa Dodoma" nami nimecheka kidogo, maana mwoga wa kweli asingeandika barua ndefu kiasi hiki kuhusu mistari kumi na miwili ya programu. Angeweka jina lake, akafunga laptopu, akaenda kula.

Niieleze shida yako kwa ufupi ili wasomaji wengine nao watufuate. Unajifunza kazi ya kerneli ya Linux, ile sehemu ya mfumo endeshi inayozigawia programu zote memori na muda wa prosesa. Kaka anayekuongoza amekupa kiraka kidogo ukikague. Mistari tisa imeongezwa, mitatu imefutwa, yote ndani ya faili moja la majaribio ya memori, kwenye folda ya tools/testing/selftests/mm. Akakuambia, "Ukiona kiko sawa, weka jina." Watu wawili wameshaweka ya kwao. Aliyeandika kiraka ana miaka mingi kwenye kazi hii na ameajiriwa na kampuni kubwa ya ng'ambo. Wewe umemaliza chuo mwaka jana. Na umeona kitu.

Kitu chenyewe ni hiki. Jaribio linaomba eneo la memori kwa mmap, kisha kiraka kinaongeza ulinzi: pointa ikiwa tupu, simama na utangaze kushindwa. Mstari umeandikwa if (!mem). Wewe ukakumbuka kwamba mmap ikishindwa hairudishi tupu, inarudisha MAP_FAILED, ambayo ni hasi moja iliyogeuzwa kuwa pointa. Kwa hiyo ule ulinzi haulindi chochote. Ukashtuka, ukasoma maelezo ya mmap upya, ukatazama majina ya wale wawili, ukaamua kwamba bila shaka ni wewe usiyeelewa. Tangu hapo hulali vizuri, na unaniuliza: nisaini kama wenzangu, au ninyamaze?

Umenipa njia mbili, ukaificha ya tatu ambayo ndiyo uliyoiandikia barua. Tutaifikia.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa kiufundi, maana najua hutasikia neno langu jingine kabla ya hilo. Umeona sawasawa. Inayorudisha tupu ikishindwa ni malloc, fanksheni nyingine ya kuomba memori, na mtu anayeandika C kutwa nzima vidole vyake hujizoelea malloc, hata akiandika mmap anamalizia kwa ukaguzi wa malloc. Si ujinga, ni mazoea. Ukitaka ushahidi usiotegemea cheo cha mtu, fungua terminali, punguza kwa ulimit -v memori ambayo programu inaruhusiwa kuomba, lakini si kwa kiasi cha kuizuia isianze kabisa, kisha endesha jaribio. Lile eneo kubwa litakataliwa. Pointa itarudi ikiwa na biti zote ni moja, ulinzi wa kiraka utaona si tupu, utairuhusu ipite, na mstari wa kwanza utakaojaribu kuandika pale utaiangusha programu. Andika echo $? uone shelli inakujibu nini. Itakujibu 139, yaani 128 kujumlisha 11, na 11 ndiyo namba ya SIGSEGV, ishara ya programu iliyogusa memori isiyo yake.

Baada ya hapo hakuna haja ya kuuliza nani ana miaka mingi kazini. 139 haina mkubwa wala mdogo.

Lakini wewe hukuniandikia kwa sababu ya mmap. Umeniandikia kwa sababu ya sentensi hii, uliyoirudia kwa namna tofauti katika barua nzima: "Nikisaini halafu kikaharibika, ni jina langu; nikisema halafu nikawa nimekosea, ni jina langu vilevile." Unaamini jina lako ni dhamana, kama la mdhamini wa mkopo, kwamba kiraka kikileta balaa watakuja kubeba kabati lako. Hapo ndipo nikusahihishe, taratibu.

Kwenye mradi wa Linux mistari ya majina ina maana zilizoandikwa, wala si za kukisia. Signed-off-by ilianza mwaka 2004, wakati kampuni ya SCO ilikuwa imeishtaki IBM mwaka mmoja nyuma ikidai mali yake imeingizwa kwenye Linux. Mstari ule ni wa kuthibitisha kwamba aliyeleta msimbo ana haki ya kuuleta. Reviewed-by, huo unaokukosesha usingizi, una kiapo chake chenye vipengele vinne, na kimo kwenye nyaraka za kerneli zilezile ulizopakua. Kwa kiapo hicho unasema kwamba umekikagua kiraka kiufundi ukaona kinafaa kuingia. Unasema kwamba matatizo, mashaka na maswali yako umemfikishia mwandishi na umeridhika na majibu yake. Unasema kwamba huenda kingeweza kuboreshwa, lakini unaamini kina manufaa na hakina kasoro unayoijua. Na unasema, hili ndilo la nne, kwamba hutoi dhamana yoyote kwamba kitafanya kazi iliyokusudiwa katika kila hali.

Soma tena hilo la nne kabla hujalala leo. Hakuna anayekuja kubeba kabati.

Sasa soma la pili, maana ndilo linalokubana. Mashaka yako umemfikishia mwandishi. Wewe yako bado yako kifuani, na mengine umeyaleta kwangu, mimi nisiye na kazi yoyote kwenye faili lile. Basi kusaini kwa leo haiwezekani, na si kwa sababu wewe ni mdogo. Hata mwenye miaka ishirini kazini, akiwa na shaka kama yako kooni, hana ruhusa ya kuweka mstari ule. Umekuwa ukijiuliza kama una hadhi ya kusaini, na kumbe unachohitaji ni kuwa umeshasema ulichokiona. Hilo unaliweza.

Tuje kwa wale wawili waliokwisha kusaini. Kwako wewe saini zao zimefunga mjadala. Nikupe kisa cha kweli, tena cha folda hiyohiyo.

Programu ikiomba memori, kerneli haitoi memori yenyewe palepale. Inatoa anwani tu. Ukurasa halisi unaletwa pale programu inapoigusa ile anwani. Kwa hiyo majaribio mengi ya memori lazima yapite yakigusa ukurasa mmoja mmoja kabla ya kupima lolote. Kikwazo ni kompaila. Ikiona unasoma thamani ambayo huitumii popote, inaufuta usomaji huo ili programu iende mbio, kwa nia njema kabisa, na ukurasa hauji. Jaribio linaendelea kupima kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana kukawa na makro iitwayo FORCE_READ, yenye kazi moja ya kuilazimisha kompaila isome hata kama thamani haitumiki.

Mwaka 2025 kiraka cha usafi kikaieneza makro hiyo kwenye majaribio kadhaa, ili watu waache kila mmoja kuwa na ujanja wake wa kulazimisha usomaji. Wazo zuri sana. Kumbe makro yenyewe ilikuwa na kasoro. Ukiipa pointa ya herufi, badala ya kusoma herufi moja ya baiti 1, ilisoma pale kwa upana wa pointa nzima, baiti 8 kwenye mashine za biti 64. Karibu majaribio yote yakaendelea kupita, kwa sababu kurasa zilikuwa zinaguswa kweli. Lililogoma ni jaribio moja la kugawanya kurasa kubwa, split_huge_page_test. Hebu fikiria unasoma baiti 8 ukianzia kwenye baiti ya mwisho ya eneo lako. Saba zinazofuata ni za nani? Mwaka huohuo ikarekebishwa, kwa kubadilisha makro yenyewe na namna inavyoitwa.

Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba hakuna mzembe ndani yake. Ni msimbo uliokuwa wazi mbele ya macho ya watu wanaoijua memori kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Ila mtu husoma akiwa na swali lake kichwani. Mmoja anataka kujua kama kiraka kinakubali kujengeka, mwingine kama jina la makro linaeleweka, wa tatu kama maelezo yanalingana na mabadiliko. Saini mbili zinakuambia watu wawili walikuja na maswali yao wakaridhika. Hazikuambii kwamba kuna aliyekuja na swali lako.

Halafu kuna sentensi yako ya kujifariji, ile ya ukurasa wa pili: "Hata hivyo ni jaribio tu, si kerneli yenyewe." Hapo mwanangu tunagombana.

Jaribio lisiloweza kushindwa ni sawa na mizani ya duka inayosema kilo moja hata ukiweka kiganja cha mchele. Bora usiwe na mizani kabisa. Ungepima kwa mkono, nawe ungejua kwamba unakadiria. Na kasoro za memori zina subira ya ajabu. Ile iliyopewa jina la Dirty COW, CVE-2016-5195, ilikaa kwenye kerneli kwa zaidi ya miaka tisa, ikaja kuzibwa Oktoba 2016. Programu mbili zinaweza kutumia ukurasa mmoja wa memori mpaka moja itake kuandika, ndipo hiyo inapopewa nakala yake. Katikati ya utaratibu huo kulikuwa na upenyo wa muda mfupi mno ambao mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote, aliweza kupenyea akaandika kwenye faili alilopaswa kulisoma tu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alieleza alipokuwa anaiziba kwamba aliwahi kujaribu miaka kumi na mmoja nyuma, haikukaa sawa, ikaondolewa. Kerneli hii ndiyo iliyo ndani ya simu za Android, pamoja na ile ya wakala wa pesa hapo mtaani kwako. Leo ile folda unayoidharau ina faili zima la kupima tabia hiyo ya kunakili kurasa, linaitwa cow.c.

Kwa hiyo ukikagua kiraka cha jaribio, usianze na vituo wala nafasi za pembeni. Kuna skripti ya checkpatch.pl inayofanya hiyo kazi na haichoki. Jiulize swali moja: kerneli ikiwa mbovu hapa, jaribio hili litasema? Kisha uiharibu makusudi uone. Badilisha thamani inayotarajiwa, au inyime programu memori kama tulivyofanya kwa ulimit, au ufute mstari unaogusa ukurasa. Jaribio likiendelea kukuambia mambo ni mazuri, umepata la kuandika.

Na uangalie neno SKIP. Majaribio haya yana utaratibu mzuri kwamba kama mashine haina kinachohitajika, tuseme hakuna kurasa kubwa zilizotengwa, jaribio linarukwa badala ya kutangazwa limeshindwa, na namba ya kutokea ni 4 badala ya 0 ya kupita au 1 ya kushindwa. Lakini tazama matokeo yenyewe kwenye skrini: mstari wa lililorukwa nao unaanza na ok, ndipo mbele inakuja alama ya reli na neno SKIP. Mtu mwenye haraka akitupa jicho upande wa kushoto anaona ok, ok, ok, anaondoka na furaha yake. Nusu ya hizo ok inaweza kuwa haikupima kitu.

Kwa taarifa yako, kiraka ulichoniambatanishia kina jema ambalo hukuligusa hata kidogo, kwa sababu hofu ilikuwa imekushika macho kwenye mstari mmoja. Kimeondoa 4096 kikaweka getpagesize(). Aliyeandika jaribio zamani alidhani dunia nzima inatumia kurasa za kilobaiti 4. Mashine za arm64 zinaweza kuwa na kurasa za kilobaiti 4, 16 au 64, na ukienda kwenye 64, ule ukurasa mkubwa ambao kwenye x86 ni megabaiti 2 unakuwa megabaiti 512. Jaribio lililopigiwa hesabu kwa 4096 linaweza kushindwa kule bila kerneli kuwa na kosa lolote, mtu akapoteza siku nzima akiwinda hewa. Mwambie mwandishi kwamba umeliona hilo na ni zuri. Kukagua si kuwinda makosa peke yake, na sifa ya kitu mahususi, kwenye mstari wake, hupokelewa vizuri kuliko ile ya jumla.

Hapo nimefika kwenye rasimu ya jibu lako, na hapa niruhusu nikutanie. Imeanza kwa salamu. Ikaomba radhi kwa usumbufu. Ikaeleza kwamba wewe ni mwanafunzi tu. Ikaomba radhi kwa kuwa mwanafunzi. Ikaisifu kazi kubwa ya mwandishi kwa ujumla wake. Na mmap, maskini, ikaja mwisho kabisa ndani ya mabano, kama mgeni aliyekosa kiti. Mtu anaweza kuisoma barua ile mpaka mwisho asijue kwamba umeona kasoro.

Najua inatoka wapi. Umelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, na ukiwa na neno unalizungushia heshima kwanza. Ni malezi mazuri, usiyatupe, na wala sikuambii uwe mkavu. Ila huyo anayekusoma amefungua barua pepe nyingi leo, yuko kwenye saa tofauti na yako, na pengine Kiingereza si lugha yake ya kwanza kama kisivyo yako. Kumheshimu mtu wa namna hiyo ni kutomchosha. Salamu moja inatosha. Kisha nakili ule mstari wa kiraka unaouzungumzia, uandike chini yake palepale, ili asihangaike kutafuta. Andika kwamba mmap ikishindwa hurudisha MAP_FAILED na si NULL, kwa hiyo sharti hili halitafanya kazi. Andika kwamba umejaribu kwa ulimit -v na programu ikaanguka, ubandike matokeo. Uliza kama kuna sababu usiyoijua ya kuandika hivyo. Basi. Swali lile la mwisho si unyenyekevu wa kuigiza; mara nyingine sababu ipo kweli, kwa mfano mmap imefungwa ndani ya fanksheni nyingine ambayo yenyewe ndiyo inayorudisha tupu. Umeangalia hilo? Kwenye kiraka hiki haiko hivyo, nimetazama, lakini kinachofuata kinaweza kuwa hivyo.

Unaogopa pia kujibiwa vibaya mbele ya dunia nzima, kwa sababu umesoma hadithi za zamani. Hadithi nyingine ni za kweli. Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani kwa ukali wa barua zake, akapumzika kidogo, mtunzaji mwenzake Greg Kroah-Hartman akalimalizia toleo la 4.19, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili. Sitakudanganya kwamba tangu siku hiyo kila mtu anaongea kwa asali. Utajibiwa kwa mkato. Utaandika aya nzuri, mtu akujibu "Kweli, nitarekebisha kwenye v2," nukta. Usikae unaichunguza ile nukta ukitafuta hasira ndani yake. Kwa watu wale jibu la maneno manne ni kawaida, na kwa kweli hilo ni shukrani.

Na ikitokea umekosea? Utaambiwa sababu, utaandika "asante, nimeelewa," na utakuwa umejifunza kitu ambacho wale walionyamaza hawakukijifunza. Aliyeuliza swali lenye ushahidi hachekwi. Wanaochosha watu ni wale wasiosoma kiraka wakaandika kwamba kinaonekana kizuri.

Jambo la kaka anayekuongoza. Umeniuliza kwa kuzungukazunguka kama unaweza kumpa yeye akusemee, kwa kuwa jina lake linajulikana. Unaweza kumwonyesha kwanza, faraghani, na ningependa ufanye hivyo, kwa sababu ameshakufungulia mlango na si vizuri alione jambo lako kwanza mbele za watu. Mwonyeshe na ile 139. Lakini usimtume. Alikuambia uweke jina ukiona kiko sawa. Nawe umeona hakiko sawa. Mwambie hivyo tu. Kama ni mwalimu wa kweli atafurahi, na kama hatafurahi, utakuwa umemjua mapema, hilo nalo si hasara.

Halafu lile uliloliandika pembeni kwa herufi ndogo, kana kwamba sitaliona: unataka jina lako liingie kwenye historia ya kerneli kwa ajili ya CV. Mwanangu, hiyo si dhambi. Historia ile inatunzwa kwenye Git, ambayo Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hiihii, na jina likishaingia halitoki. Ndiyo sababu nyingine ya kutoliweka leo. Mwajiri anayejua kazi hasomi idadi ya mistari ya Reviewed-by. Anafungua mmoja, anarudi nyuma kuona ulisema nini. Akikuta uliuliza swali la mmap, mwandishi akatuma toleo la pili, ukalipima tena, ndipo ukasaini, hapo ana la kukuuliza kwenye usaili. Akikuta jina tupu chini ya kiraka chenye kasoro, hana la kukuuliza, au analo.

Toleo la pili likija, usiondoke. Watu wengi huuliza swali, wakajibiwa, wakatoweka, mwandishi akabaki hajui kama mtu ameridhika. Rudi, endesha ulimit yako tena, uone sasa jaribio linatangaza kushindwa kwa ustaarabu badala ya kuanguka. Hapo weka jina. Kama umelipima kweli kwenye mashine, weka na Tested-by, useme mashine gani na ukurasa wa ukubwa gani. Kuanzia hapo kiraka kinaendelea na safari yake. Vya memori kwa miaka mingi vimekuwa vikipita kwa Andrew Morton kabla ya kufika kwa Torvalds, na hiyo si kazi yako tena.

Limebaki swali lako dogo la mwisho, kama laptopu ya gigabaiti 4 inatosha. Inatosha, ila usiendeshe majaribio haya moja kwa moja juu ya mfumo unaotumia kila siku, maana mengine yanahitaji ruhusa ya root na yanachezea mipangilio ya memori. Tengeneza mashine pepe kwa QEMU, ipe gigabaiti moja, uyajenge majaribio kwa TARGETS=mm ili usijenge folda zote bure. Kurasa kubwa anza na 64 kwenye nr_hugepages. Kwa x86 hiyo ni megabaiti 128. Baadhi ya majaribio yatataka zaidi na yatarukwa, nawe utasoma SKIP zake moja moja kabla hujaandika kwamba umepima. Na ukishindwa kujizuia ukazitenga kurasa hizo kwenye laptopu yenyewe, ukimaliza rudisha namba iwe 0, la sivyo wiki ijayo utaniandikia tena kuuliza memori yako imekwenda wapi.